WAFU WETU WANATUDAI NINI?
Somo kutokana na makaburi ya Rufiji



Jioni moja, baada ya darasa letu la Kibiti kwisha na watu kutawanyika, kijana mmoja alibaki nyuma akijishughulisha na kukunja mkeka ambao tayari ulikuwa umekunjwa. Kijana huyu ni mgeni katika Uislamu. Hajatimiza mwaka tangu asilimu. Nilipomwuliza kama ana neno, aliketi tena akasema:

“Maalim, mjomba ameniita. Jumamosi ukoo mzima unateremka bondeni kwenye makaburi ya wazee. Mtoto wa dada yangu anaumwa homa siku nyingi, na wamesema kwamba babu amekasirika kwa kuwa hajapelekewa unga na maji. Nisipokwenda, wataniambia kuwa nimewatupa wafu wangu. Nikienda, naogopa nisije nikamtupa Mungu wangu. Nifanye nini?”

Sikumjibu papo hapo. Ni rahisi kwa mwalimu kusema “haramu” kisha akaenda zake kulala; lakini aliyeambiwa neno hilo ndiye atakayekabiliana na mjomba wake, mama yake na majirani zake. Nilimwomba tuonane kesho yake baada ya sala ya Alfajiri. Usiku ule nilifikiri sana juu ya makaburi ya nchi hii ya Rufiji, na juu ya mafundisho ya dini yetu kuhusu walio ndani yake. Niliyoyafikiri nakuandikia wewe pia, kwa sababu najua kwamba swali la kijana huyu si lake peke yake. Pengine ni lako.

Makaburi hayahamishiki

Asiyeijua Rufiji huenda akashangaa: Kwa nini makaburi ya ukoo yawe mbali na nyumba za ukoo? Sababu ni mto. Tangu zamani watu wa Rufiji walikaa bondeni, kando ya maji, kwa kuwa mafuriko ya kila mwaka ndiyo yaliyoleta udongo wenye rutuba wa kulimia mpunga. Mto uliwalisha, na mara nyingine mto huo huo uliwafukuza. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni na kuwaweka katika vijiji vya nyanda za juu, ambako maji hayafiki. Watu walichukua majembe, vyungu, mikeka na kuku wao. Lakini makaburi hayachukuliki. Wazee walibaki kule chini peke yao.

Yakumbuke hayo, ndugu msomaji, kabla hujamcheka mtu anayeteremka bondeni na kibuyu chake. Anayekwenda kule hakusukumwa na ujinga mtupu. Amesukumwa pia na huruma na haya: anaona kwamba amewaacha wazazi wake katika maji. Na maji hayajaacha kuja. Mwezi Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilipatwa tena na mafuriko makubwa; nyumba na mashamba yakafunikwa, na watu wakakimbilia sehemu zilizoinuka. Ikiwa nyumba ya aliye hai haikusalimika, tuta la udongo la aliyekufa litasalimikaje?

Basi swali letu la kwanza ni hili: Je, mtu ambaye kaburi lake limepotea, naye amepotea?

Kaburi la kwanza

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Maida, yatupa habari za mtoto wa Adamu aliyemwua ndugu yake. Baada ya kuua hakujua la kuufanyia mwili ule, mpaka Mwenyezi Mungu akamleta kunguru anayefukua ardhi, ndipo akajifunza kwa ndege namna ya kumsitiri ndugu yake. Akaona aibu na majuto.

Katika kisa hiki mna mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba kumzika maiti ni kumsitiri. Ni heshima ambayo aliye hai humfanyia asiyeweza tena kujifanyia chochote. Ndiyo maana katika Uislamu kumwosha maiti, kumvika sanda, kumsalia na kumzika ni wajibu wa jamaa nzima. Wasipofanya hata wachache, wote wana lawama. La pili ni kwamba faida ya kaburi lile la kwanza ilimrudia aliye hai. Aliyezikwa hakuongezewa kitu na udongo ule. Aliyezika ndiye aliyezinduka. Lishike jambo hili, maana tutalirudia.

Makaburi matatu ya Rufiji

Sasa natutembee kidogo katika nchi hii. Nitakuonyesha makaburi matatu, au tuseme vifo vitatu, kwani kimojawapo hakina jiwe wala alama ijulikanayo na wote.

La kwanza ni la Mohoro. Mwaka 1904, huko Ngarambe, alitokea mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale. Ilisemekana kwamba alizama katika kidimbwi cha maji akatoka akiwa mzima, naye akaanza kuwagawia watu maji ya dawa na kuwaambia kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Historia hii yajulikana na kila mtoto wa shule. Lakini liko jambo moja ambalo mara nyingi husahauliwa. Wanahistoria waliokusanya habari kwa wazee katika miaka ya 1960 waliambiwa kwamba makundi ya watu waliokwenda Ngarambe hawakufuata dawa ya vita tu. Walikwenda pia kuonana na wafu wao. Kinjikitile alikuwa na nyumba ambamo watu waliamini kuwa wanaweza kukutana na wazee wao waliokwisha kufa.

Fikiri juu ya watu hao. Walilazimishwa kulima pamba isiyowalipa, walichapwa viboko, walitozwa kodi. Aliye hai hakuwa na msaada wa kuwapa, wakawageukia waliokufa. Mimi siwezi kuwacheka. Lakini mwisho wa jambo lile waujua. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile pale Mohoro, na vita iliyokuwa imeanza siku chache kabla ikaenea kusini mwote hadi mwaka 1907. Maji hayakuzuia risasi. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilitaja watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye walikadiria kuwa walizidi mara tatu ya hao, na wengi wao waliuawa na njaa baada ya mashamba na vyakula kuchomwa moto. Ushujaa wao ulikuwa wa kweli, na umoja wao ulikuwa wa kweli. Lakini msaada waliouomba kwa wafu haukuja.

Bwana Ebrahim Hussein aliliona jambo hili zito katika tamthilia yake “Kinjeketile” iliyochapishwa mwaka 1969. Mwisho wa tamthilia ile mtu huyo yumo kifungoni, anatakiwa akanushe maji yake, naye anakataa, kwa kuwa anajua kwamba wakoloni watalitumia kanusho lake kuwaambia watoto wa kesho kuwa hata haki waliyoipigania wazee wao ilikuwa uwongo. Mwandishi huyo atufundisha kutenga mambo mawili: dawa inaweza kuwa si kweli, na madai ya haki yakabaki kuwa kweli. Nasi hatuna budi kutenga vivyo hivyo. Tambiko linaweza kuwa kosa. Mapenzi ya mtu kwa wazazi wake si kosa.

La pili ni makaburi ya delta. Mwezi Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, bandarini Unguja, kisha ikaja kujificha katika mikono ya Rufiji, ndani ya misitu ya mikoko. Waingereza waliizingira miezi mingi, mpaka tarehe 11 Julai 1915 walipoipiga kwa mizinga hata wenyewe wakaamua kuizamisha. Mabaharia wake waliokufa walizikwa kando ya maji yale. Na wenzao wa Pegasus walikuwa wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya mji wa Unguja. Hebu tafakari: kijana aliyezaliwa Ujerumani kwenye theluji, amelazwa katika tope la mikoko ya Rufiji, mahali ambapo mama yake asingeweza kulitamka jina lake. Katika Sura Luqman Mwenyezi Mungu ametaja mambo ambayo elimu yake iko kwake peke yake, na mojawapo ni hili, kwamba hakuna mtu ajuaye atafia nchi gani. Mabaharia wale ni tafsiri ya aya hiyo.

Labda utasema: Hao walikuwa wageni, tena watu wa vita, sisi wana nini nasi? Jawabu ni kwamba siku moja jeneza lilipita mbele ya Mtume Mtukufu s.a.w., naye akasimama. Alipoambiwa kwamba aliyekufa ni Myahudi, aliwauliza waliokuwapo kama huyo naye hakuwa nafsi. Hiyo ndiyo adabu yetu mbele ya kila kaburi.

La tatu ni la Beho Beho, upande wa juu wa mto, ndani ya eneo ambalo tangu mwaka 2019 huitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hapo amezikwa Mwingereza Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, aliyepigwa risasi vitani tarehe 4 Januari 1917 akiwa na umri wa miaka 65. Kaburi lake lina jiwe na bamba lenye jina, na kwa miaka mingi pori lote lile liliitwa kwa jina lake. Lakini katika vita ile ile, katika mabonde yale yale, walikufa maelfu na maelfu ya wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili. Waliuawa na homa, kuhara na njaa kuliko risasi. Wako wapi? Hakuna bamba. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba wafu wengi wa Afrika na Asia hawakupewa makumbusho sawa na wenzao, na ikaomba radhi.

Kukiri huko ni kwema, ijapokuwa kulichelewa karne nzima. Lakini Mwislamu analo fundisho la tangu zamani zaidi. Madina palikuwa na mtu mnyonge aliyekuwa akifagia msikiti. Akafa, na watu wakamzika bila ya kumpa habari Mtume Mtukufu s.a.w., wakiona kwamba ni jambo dogo lisilostahili kumsumbua. Alipoikosa sura yake akauliza, akaambiwa. Akataka aonyeshwe kaburi, akaenda akamwombea. Msimamizi wa dola nzima anatafuta kaburi la mfagiaji! Basi aliyesahauliwa na watu hakusahauliwa na Mwenyezi Mungu. Hilo ndilo jawabu la swali letu la kwanza: kaburi likipotea katika maji au katika pori, aliyekuwamo hakupotea.

Majumba ya Kua na utenzi wa Pate

Ukipanda chombo Nyamisati ukavuka kwenda Mafia, utafika karibu na kisiwa cha Juani, yaliko magofu ya Kua. Palikuwa na mji wa mawe, wenye nyumba za wakubwa, misikiti na makaburi yaliyojengwa kwa chokaa. Katika karne ya 19 mji ule ulishambuliwa na Wasakalava kutoka Bukini, ukahamwa. Na pale Kisimani Mafia, ng'ambo ya midomo ya Rufiji, bahari imekula sehemu kubwa ya mji wa kale. Kote katika pwani yetu, tangu Kilwa na Kunduchi hata Malindi na Pate, utaona makaburi yenye nguzo na kuta, mengine yalipambwa kwa vyungu na sahani za Kichina. Waliojenga walitaka wasisahauliwe. Leo mengi hatujui hata ni ya nani.

Mshairi wa Pate, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyatazama magofu ya mji wake zamani za mwanzo wa karne ya 19, akatunga “Al-Inkishafi”. Katika utenzi huo anausemesha moyo wake mwenyewe. Anauonyesha kumbi zilizowaka taa na kujaa wageni, sasa zinakaliwa na popo na bundi; na mabwana waliolala juu ya matandiko laini, sasa ubavu wao umelazwa kwenye mchanga. Nakuomba uangalie jambo moja tu katika utenzi huo: mshairi hakuyaendea makaburi kuyaomba kitu. Aliyaendea apate kuuamsha moyo wake. Alifanya kama yule aliyejifunza kwa kunguru: kaburi lilimfundisha aliye hai.

Na hii ndiyo sunna. Mtume Mtukufu s.a.w. hapo mwanzo aliwakataza watu wasizuru makaburi, kwa kuwa walikuwa karibu na zama za ibada ya masanamu. Imani yao ilipokwisha imarika, aliwaruhusu, akieleza kuwa kuzuru kunamkumbusha mtu Akhera. Alikataza pia makaburi yasijengewe wala kupakwa chokaa. Basi ruhusa imetolewa pamoja na sababu yake. Anayekwenda kwa sababu ile amefuata ruhusa. Anayekwenda kwa sababu nyingine hana budi aitazame upya safari yake.

Je, wafu husikia haja zetu?

Hapa ndipo penye mgongano kati ya kijana wetu na mjomba wake. Basi tuseme wazi.

Kurani Tukufu, katika Sura Fatir, inafundisha kwamba wale wanaoombwa badala ya Mungu hawasikii maombi, na kama wangesikia wasingeweza kujibu. Na katika Sura Al-Muuminun imeelezwa kwamba nyuma ya waliokufa kuna kizuizi hata siku ya kufufuliwa. Aliyekwenda harudi kusimamia shamba, wala hashuki kumtia homa mjukuu wake.

Labda mtu atauliza: Mbona nasi tufikapo makaburini twawatolea salamu waliomo? Je, huko si kusema nao? La. Salamu ile ni dua. Twawaombea amani kwa Mwenyezi Mungu. Hatuwaombi wao watupe amani. Tofauti ni ndogo katika maneno, lakini ni kubwa katika mwelekeo. Katika dua aliye hai anamwombea maiti kwa Mungu. Katika tambiko aliye hai anamwomba maiti. Umepindua mambo: umemfanya mhitaji kuwa mtoaji.

Tena itazame dhana inayowekwa juu ya babu huyo. Alipokuwa hai alimpakata mjukuu wake, akamwachia mnofu wa samaki na yeye akala kichwa. Je, baada ya kufa amekuwa mtu wa kumwumiza mtoto mchanga kwa ajili ya konzi ya unga? Mimi naona kwamba huko ni kumdhulumu babu. Twadai kuwa twamheshimu, kumbe twamsingizia ukatili ambao hakuwa nao.

Madeni manne

Basi wafu wetu hawatudai chochote? La hasha! Wanatudai sana. Lakini madeni yao si yale tunayodhani. Nitataja manne.

Kwanza, deni la mali. Mtume Mtukufu s.a.w. alipoletewa jeneza alikuwa akiuliza kama marehemu ana deni. Kabla ya urithi kugawanywa, madeni yalipwe. Ni wangapi wetu hupika sufuria kubwa siku ya arobaini, hali mwenye duka bado ana daftari lenye jina la marehemu?

Pili, deni la dua. Twafundishwa katika Hadithi kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka inayoendelea, elimu inayowafaa watu, na mtoto mwema anayemwombea. Dua haihitaji uwe juu ya kaburi. Kaburi likiwa ndani ya maji, dua yafika.

Tatu, deni la mema. Kisima alichoanza kuchimba babu, kimalize. Mti alioupanda, utunze. Rafiki zake waliobaki, waamkie na wasaidie. Hii ndiyo sadaka isiyokatika.

Nne, deni la walioachwa. Jaafar bin Abi Talib alipouawa vitani, Mtume Mtukufu s.a.w. aliwaambia watu wawapikie chakula jamaa zake, kwa kuwa limewafika jambo la kuwashughulisha. Wafiwa walipikiwa, hawakupikishwa. Siku hizi mara nyingi twafanya kinyume: mjane anauza mbuzi wake apate kuwalisha waliokuja kumpa pole. Matanga yanapokwisha, msiba wa pili ndio unaanza, nao ni njaa.

Hili la deni sikulijifunza katika vitabu peke yake. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo katika chuo cha dini, bibi yangu aliyenilea alifariki. Habari zilinifikia kwa simu, na sikuwa na nauli ya kurudi. Nilisoma miaka minne kabla ya kurudi nyumbani. Nilipofika nilitaka kwanza kuliona kaburi lake. Lakini mvua zilikuwa zimeusawazisha udongo, na mwembe uliokuwa alama ulikuwa umeanguka. Walionizunguka walibishana: mmoja alionyesha hapa, mwingine pale. Nilisimama katikati nikaomba dua, na moyo wangu ulikuwa mzito kama wa mwizi.

Nilipokuwa narudi, mama mmoja mzee, jirani yetu, aliniita kando. Alisema kwa haya kwamba marehemu alichukua kwake doti moja ya khanga, akaahidi kulipa baada ya mavuno, na mavuno hakuyaona. Alisema kwamba ameshamsamehe, ila alitaka mtu wa nyumba ile ajue. Siku ya pili yake nilimpelekea fedha zake. Alizipokea akalia, nami nikalia. Siku ile, ndugu msomaji, nilihisi kuwa nimelipata kaburi la bibi yangu.

Jawabu nililompa kijana

Baada ya Alfajiri kijana alikuja kama tulivyoagana. Nilimwambia hivi: “Mwanangu, nenda. Usimkatalie mjomba wako safari. Wahi kabla ya wengine, chukua jembe na panga, ufyeke majani na uyainue matuta yaliyobomoka. Kazi yote ngumu ifanye wewe. Wafikapo, waamkie wazee kwa heshima zao zote. Uwatolee salamu waliolala pale na uwaombee dua kwa Mwenyezi Mungu. Wakati wa unga na maji ukifika, mwambie mjomba kwa upole kwamba hapo wewe hutashiriki, na umweleze sababu. Usimwambie mbele ya watoto. Lakini kabla ya Jumamosi, tena leo hii, mchukueni mtoto hospitali. Homa haingoji.”

Akaniuliza: “Na wakinifukuza?”

Nikamjibu: “Hapo utasubiri. Lakini wafukuze wao, wewe usijifukuze.”

Mtoto alipelekwa siku ile ile, akaonekana ana malaria, akapewa dawa. Sikutaji habari hii ili tumshinde mjomba. Mgonjwa kupona ni rehema ya Mungu kwa wote wawili. Kuhusu Jumamosi, kijana alinieleza baadaye kwamba alifyeka tangu alfajiri. Wazee walipofika walikuta pameng'aa, mahali ambapo kwa miaka hapakuwa na mtu aliyejisumbua kupasafisha. Alipomwambia mjomba neno lake, mzee yule alimtazama kimya kwa muda mrefu. Kisha akamjibu: “Kaa pale kivulini. Tukimaliza, utatuombea hiyo dua yako.” Wakafanya lao; naye alipoitwa akaomba dua, na wote wakaitikia Amin.

Je, mambo yamekwisha? Hayajakwisha. Mwakani wataitana tena. Lakini mlango haukufungwa, na kijana hakuwatupa wafu wake wala hakumtupa Mungu wake.

Nawe, ndugu msomaji, ikiwa una kaburi mahali fulani, bondeni au ng'ambo, linalojulikana au lililofutika, usilipelekee unga. Jiulize kwanza: aliyelala humo alikufa na deni la nani? Ni wema gani aliuanza ukakatika? Ni nani aliyemwacha nyuma akiwa na njaa? Hayo ndiyo anayokudai. Yalipe ungali hai, kwani siku si nyingi wewe nawe utakuwa ndani ya mwanandani, ukiwahitaji walio juu ya ardhi wakuombee.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, wenye mawe na wasio na mawe, waliolala katika udongo mkavu na waliofunikwa na maji ya Rufiji. Na sisi atujalie kuwaheshimu kwa njia inayompendeza Yeye. Amin.